Benchi la Waliotengwa

Siku hizi naambiwa kiongozi wa kiroho lazima awe amesomea chuoni. Sikubali. Mimi mwenyewe niliishia darasa la pili. Nilikata mkonge Korogwe mpaka viganja vikawa gome, nikarudi Handeni na baiskeli na mabati ya nyumba. Mabati hayo niliyang'oa mwenyewe tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, upande wa Misima.

Asubuhi ya kuhama nilikwenda kaburini kwa mama. Nikanyunyiza maji na unga wa mahindi, kama Wazigua tunavyowafanyia wazee wetu, nikamwambia, "Mama, tunahama. Usipotuona tukija kupalilia, usidhani tumekutupa." Nikapanda lori.

Kuna aliyeniona kaburini, akapeleka habari. Sijamaliza hata kuezeka, padri akanitenga. Nisikaribie Meza ya Bwana, niketi benchi la nyuma, na binti yangu mchanga asibatizwe mpaka nisimame mbele ya watu nitubu kosa la kutambika.

Nikasema sisimami.

"Baba watoto, ni maneno mawili tu," mke wangu akaniambia.

"Ya uongo."

Ndipo akaja mwalimu wa kanisa, mzee ambaye hakuwahi kukanyaga chuo, aliyenifundisha kusoma Injili kwa kufuata mstari kwa kidole. Nikampa shikamoo, kisha nikamwambia wazi, "Mwalimu, kama umetumwa kunikamua toba, kunywa uji urudi."

"Uji nitakunywa. Una sukari?"

"Duka la kijiji halina."

"Basi kweli wewe ni mwenye dhambi."

Akanywa wote, akaweka kikombe chini. "Pale kaburini ulimwomba mama nini? Mvua? Afya ya mtoto?"

"Hayo namwomba Mungu. Mama hata alipokuwa hai hakuwa na mvua."

Alicheka mpaka akakohoa. "Na unga?"

"Sikuweza kumuaga mikono mitupu."

"Kamwambie padri hivyo hivyo. Usiongeze toba usiyokuwa nayo, wala usiufiche unga."

Nilikwenda, nikasema. Padri akajibu, "Tubu, au kaa nyuma."

Jumapili iliyofuata mwalimu aliacha kiti chake cha mbele, akaja kuketi ubavuni kwangu na kitabu chake cha nyimbo. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, kwa hiyo zikawa zinaanzia kwenye benchi la waliotengwa, na kanisa zima likigeuza shingo. Akakaa pale masika yote, mpaka tukavuna mahindi. Hakunihubiria hata mara moja. Padri alipomwita arudi mbele, alijibu kwa heshima, "Baba, huku nako kuna kondoo."

Mwishowe padri akasema mtoto aletwe abatizwe. Neno toba halikutajwa.

Siku hiyo nilisimama mbele ya watu, ni kweli. Nilikuwa nimembeba binti yangu, na mwalimu ameshika taulo.