Ndoo Mbili za Mama Mkwe

Mwaka mzima diski za breki za gari letu zilinitoa jasho. Gari lenyewe ni kuukuu, niliachiwa na marehemu baba, na hadi leo ukifungua mlango unakutana na harufu ya tumbaku yake. Diski ni vile vyuma vya mviringo nyuma ya magurudumu ambavyo breki huvibana. Zangu zilikuwa zinapinda kila baada ya miezi miwili. Nikikanyaga breki kwenye mteremko, usukani unatetemeka mpaka meno yanagongana. Fundi wangu pale Nyeri mjini anazichonga kwa mashine, natoka nikipiga mluzi, halafu wapi! Yale yale.

"Mwalimu, kwani unakanyaga breki na miguu mbili?" aliniuliza mara ya nne, mbele ya wateja wengine. Nusura nimrushie spana. Nyumbani nako mke wangu alikuwa ameshasema: likitetemeka tena watoto wakiwa ndani, linauzwa. Niuze gari la baba? Thubutu!

Jumamosi moja nikambeba fundi twende naye Tetu, kwa wakwe zangu, ajionee mwenyewe. Barabara inashuka bila kupumzika mpaka karibu na lango, matope mekundu, mguu hautoki kwenye breki. Kuzima injini tu, mama mkwe akatoka na ndoo mbili, kama kila Jumamosi. Hakubali mkwe wake arudi mjini na matope. Ati watu watauliza alikuwa ameenda kwa watu gani. Siku zote huwa nimeshakimbilia ndani, kwa heshima, nisisimame naye. Siku hiyo nilibaki na fundi. Mama akamwagia gurudumu la mbele maji baridi ya tangi. Chwaaa! Mvuke ukapanda. Fundi akashika kichwa.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "chuma moto, maji baridi, lazima kipinde. Na unakuja kunisumbua mimi!"

Sasa nimwambieje? Mimi ni mtu wa kutoka magharibi ya nchi, na kwetu mama mkwe hata mkono humpi, sembuse kumwambia acha. Nilimbembeleza mke wangu amwambie. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mimi sioshewi gari. Ni wewe anakuoshea. Mwambie mwenyewe."

Basi nikatafuta ujanja. Nikawa nasimama kwenye kiwanda cha kahawa, hatua chache tu kabla ya lango, nusu saa nzima, magurudumu yapoe. Watoto wanalia njaa, mama yao amenuna, mimi nimekazana kutazama mbele. Lakini diski zilitulia, na neno la kuuza gari halikusikika tena.

Kisha Jumamosi moja tukafika, ndoo hazikutoka. Mama mkwe alisimama mlangoni, akamwambia mke wangu nami nikiwa papo hapo, "Muulize, kwani siku hizi hapendi kwangu? Watu ya kiwanda wananiambia anakaa hapo nusu saa akijilazimisha kuingia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasahau mila zote, nikamgeukia yeye mwenyewe, nikamweleza: chuma, maji, baba, na gari lilivyoponea kuuzwa.

Akalitazama gurudumu la mbele. "Mwaka mzima naharibu gari ya baba yako, na wewe unaninyamazia tu? Ai!" Akaingia jikoni. Chakula tulikula, lakini hakuniangalia.

Wiki iliyofuata nilishuka moja kwa moja hadi langoni. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, ndoo zake mbili zimejaa, na kigoda kingine kando yake kitupu.

"Keti," akaniambia. "Tutangoja ipoe."

Nikaketi. Nampenda yule mama, wacha niseme tu. Akasogeza kiganja karibu na gurudumu, akatikisa kichwa: bado. Halafu akaniuliza baba yangu alikuwa mtu wa aina gani.