Lenga-lenga Juu ya Mawe

Hebu mfikirie Magloire akishuka kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, katoka Lodwar, mpira mweusi wa maji kauvaa begani. Nyuma yake anashuka mkewe, Marie-Claire, ana mimba ya miezi mitano na pakiti ya mbolea mkononi. Walikuwa wamepewa karatasi ya ruhusa kwenda kupima damu tu. Daktari wa Lodwar alisema damu ya mama iko chini mno: ale mboga za majani kila siku, na asinyanyue kitu kizito.

Mboga za majani, jamani, na mgao wa kambini ni mtama na dengu, nao umepunguzwa.

Lakini Magloire alikuwa fundi bomba kwao Uvira. Akapasua pipa la plastiki kwa urefu, nusu moja akaiweka juu ya matofali mbele ya nyumba. Siku nne alishinda akisugua kokoto za lagga, ule mto mkavu wa pale, kwa mikono mitupu, moja moja, mpaka zikaacha vumbi na chumvi. Akazijaza pipani. Chini ya pipa akatoboa, akaunganisha mpira hadi kwenye ndoo ya lita ishirini yenye maji na mbolea. Ukiivuta ndoo juu kwa kamba, maji yanaingia pipani na kuzamisha mizizi. Ukiishusha kwenye shimo alilolichimba kando, yanarudi ndooni. Kwa jua la pale, ndoo ilitakiwa kupanda na kushuka mara tano kwa siku.

Jirani yao Arek, mama wa Sudan Kusini, alisimama akatazama.

"Wewe Mkongo, unanywesha mawe?"

"Nanywesha, mama."

"Yakizaa utuite."

"Yakizaa utakuja na sufuria, nakujua."

Yakazaa. Lenga-lenga, mchicha kama wa kwao, ukachomoza katikati ya kokoto. Marie-Claire alikuwa akitoka asubuhi kuyahesabu majani kabla hata hajanawa uso. Bado wiki moja yachumwe.

Wiki hiyo ndiyo watu walipoitwa kuhakikiwa kwa alama za vidole. Asiyeonekana, jina linatoka kwenye mgao. Magloire akamwachia Arek kamba, akaenda kupanga foleni. Saa nane mchana akafika mezani, akaweka kidole. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa.

Karani akamgeuza kiganja. "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani? Vidole vyako ni laini kama sahani."

"Nilikuwa naosha mawe."

"Kapake mafuta, urudi kesho."

Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Arek mwenyewe kuhakikiwa, na hakuna aliyebaki na kamba. Magloire alimwambia mkewe, "Acha yanyauke. Umesikia?" Akaitika.

Adhuhuri majani yakalala. Marie-Claire aliyatazama kutoka mlangoni. Alikuwa ameyangoja sana. Akashika kamba kwa mikono miwili, akavuta.

Magloire alirudi jioni, mashine imemkubali, anatabasamu tangu njiani. Akakuta ndoo iko juu na nyumba haina mtu. Majirani walikuwa wamembeba mkewe kwenda hospitali.

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Nesi alimweleza Magloire taratibu kwamba damu iliyopungua hivyo huweza kuangusha mimba yenyewe, hata mtu akiwa amelala kitandani. Labda ni ndoo, labda siyo. Marie-Claire yeye hakutaka labda.

"Sitakula kitu kilichotoka kwenye pipa lile," alisema. "Usiniletee, Magloire."

Na damu ilikuwa imeshuka zaidi. Nesi alimvuta mume kando: majani, kila siku, la sivyo atampoteza na mke pia.

Siku tano Marie-Claire alizolazwa, Arek ndiye aliyekuwa akiivuta ndoo bila kuambiwa, na mchicha ulikuwa umekomaa, mzito, wa kijani iliyokolea. Siku mkewe aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Magloire akauchuma. Akauchemsha na dengu, akamwekea mkewe sahani mapajani.

Marie-Claire aliinusa. Akainua macho.

"Umeyatoa wapi?"

Arek alikuwa amesimama mlangoni, akatazama chini. Sokoni siku ile kulikuwa na mchicha, kila mtu aliuona, ingawa bei ilimshinda Magloire; angesema katoka nao huko, angeaminika. Sasa wewe unayenisikiliza, ungemjibu nini?