Makofi niliyompigia Mama Akinyi

Leo nimempigia mama wa watu makofi, na sasa sijui nitamwangaliaje tukikutana.

Kazi yangu mnaijua. Naingia nyumba za watu hapa Kibera na simu yenye picha. Kila swali lina nyekundu, manjano na kijani. Nyekundu ni shida, kijani ni sawa. Familia yenyewe inachagua iko wapi, halafu inachagua lengo.

Leo nilikuwa mtaa wa Raila, kwa Mama Akinyi. Chumba kimoja, pazia katikati.

Maji, akabonyeza nyekundu. Choo, nyekundu, hata hakungoja nimalize kusoma.

Tukafika kwa nafasi ya kulala. Kijani!

Sisi kijani ikitokea huwa tunapiga makofi. Ndiyo mtindo wetu. Basi nikapiga, tena kwa nguvu: "Hongera, Mama Akinyi! Kumbe mnalala vizuri!"

Hakucheka.

"Tulikuwa tunabanana sana, madam. Sasa Akinyi na wadogo wake niliwapeleka mashambani, ushago kwa nyanya yao. Chakula ilinishinda."

Ndipo nikaona godoro limesimamishwa ukutani, limefunikwa leso.

Mikono yangu bado iko hewani, jameni.

Nikakimbilia swali la lengo, ndio tutoke hapo. Unataka kubadilisha nini kwanza?

"Hiyo ya kulala," akasema. "Irudi nyekundu."

Nimetafuta kwa hiyo simu mpaka saa hii. Lengo la kurudi nyekundu halina mahali.

Wewe ungeliandika wapi?