Sifuri ya Mzee Clarrie

Noelene Tuckwell alikuwa mtengeneza tovuti mjini Dubbo, mwanamke wa maneno machache na chai nyingi. Kazi aliyoipenda kuliko zote ndiyo iliyomlipa kiduchu: ubao wa mvua, ukurasa wa mtandaoni ambako wafugaji wa wilaya waliandika asubuhi mvua iliyoingia kwenye vipimo vyao. Isiponyesha, hawaandiki kitu. Nani aamke kutangaza ukame?

Mtu mmoja tu aliandika sifuri. Kila asubuhi, jua au mawingu: Clarrie Tuckwell, sifuri. Watu walimcheka mzee wa watu, lakini Noelene hakucheka. Huyo alikuwa baba yake, aliyebaki peke yake na kondoo huko mbele ya mji wa Nyngan baada ya kufiwa na mke, na sifuri ile ilikuwa salamu: nimeamka, mzima. Wawili hao hawakuwahi kulizungumza. Mambo ya simu yalikuwa ya marehemu mama. Baba akipigiwa, ni ndiyo na hapana, basi.

Shida ni kwamba Clarrie aliingia kwenye ubao kwa kompyuta ya zamani, yenye kivinjari ambacho hata wenyewe waliokiunda walishakitupa. Kila ubao ulipoongezwa kitu kipya, Noelene alishinda akikishonea viraka kisikwame.

"We Noelene," mwenzake wa kazini, Thanh, alimwambia, "tutambembeleza maiti huyu mpaka lini? Kurasa zinajikokota kwa ajili yake, na wezi wa mtandaoni wanapenyea kwenye viraka hivyo hivyo. Wanaokitumia wamebaki wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Kwani ni mfalme?"

"Ni baba yangu."

Thanh akanywea. "Basi mnunulie kompyuta nyingine, dada. Hata mimi nachangia."

Jumamosi Noelene akapeleka kompyuta mpya shambani. Baba alimpikia mbavu za kondoo, akala bila kuigusa ile kompyuta.

"Hii ya zamani alinifundisha mama yako," alisema mwishowe. "Bonyeza hapa, kisha pale. Nikiiwasha namsikia kabisa ananigombeza. Hiyo yako haina mtu ndani."

"Lakini baba, kile kivinjari tunakiacha. Jumatatu ukifungua, hutaona kitu."

"Kiacheni, mwanangu. Usijitese bure. Mimi ni kondoo wa kubebwa?"

Noelene alilia njia nzima, kompyuta mpya ikigongagonga nyuma ya gari. Aliona kama anamfungia baba yake mlango kwa mkono wake mwenyewe, na ni kweli ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu wakaviondoa viraka vyote, Thanh akapiga makofi kidogo kisha akaona aibu. Jumanne asubuhi Noelene aliutazama ubao. Ulikuwa mtupu, bila hata ile sifuri. Chai ikampoa mkononi.

Simu ikaita. Namba ya shambani, ambayo tangu mama azikwe haikuwahi kumpigia.

"Baba! Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi." Akakohoa. "Hivi mama yako akikupigia alikuwa anaanzaje?"

Noelene akaweka kikombe chini. "Alikuwa ananiuliza nimekula nini."

"Aha." Mzee akavuta pumzi. "Haya basi. Umekula nini, mwanangu?"