Mwanafunzi wa Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Mimi hukaa mapokezi katika jumba la mazoezi, na mtu akikuambia kuwa dada wa mapokezi ni mmbea, msikilize. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kuangalia nani kaingia, nani kapungua, nani anajidanganya. Miaka tisa sasa namwangalia mwalimu wetu mmoja tunayemwita Chuma.

Jina hilo ni la mzaha. Chuma ni mwembamba, ana miaka arobaini na saba, na goti lake la kushoto humuuma akipanda ngazi. Lakini wateja hawataki kusikia habari za goti. Mwalimu wa mazoezi hatakiwi kuumwa, hatakiwi kupiga miayo, hatakiwi kuonekana na soda mkononi. Mmoja anataka agombezwe, na asipogombezwa ananilalamikia mimi. Mwingine anataka asifiwe hata akinyanyua taulo. Wa tatu anataka kitambi alichokilea miaka kumi kiishe kabla ya harusi ya Jumamosi. Wote humwaga siri zao huku wakitweta: wake, wakwe, mabosi. Hakuna anayemuuliza yeye kalalaje.

Kalala peke yake, kama mnataka kujua. Mkewe aliondoka zamani na binti yao, na binti mwenyewe sasa ni mtu mzima anayepiga simu siku za sikukuu. Chuma amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Jumapili, jumba likiwa limefungwa, huja kufagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Alikuwepo mtu mmoja tu wa kumuuliza. Huyu alikuwa mama mjane, mpiga taipu mstaafu, aliyekuja saa kumi na mbili asubuhi kabla ya wote. "Mwalimu, umeamkaje? Na goti?" Majibu yalikuwa marefu, na mama aliyasikiliza hadi mwisho ndipo wakaanza mazoezi. Nilikuwa nawasikia wakicheka huku mimi nikifuta meza. Chuma ninayemjua mimi hacheki.

Sasa, Chuma ana desturi yake inayomkera mwenye jumba. Kila Ijumaa hupima wanafunzi. Anayeweza kuketi sakafuni na kuinuka bila kushika kitu, Chuma humwambia, "Umeiva," humpa mkono, na kumtuma akaendelee nyumbani mwenyewe. Anasema kumng'ang'ania mtu aliyeiva ni wizi wa mchana. Mwenye jumba anasema huko ni kujipalia makaa.

Mama yule hakuiva. Mwaka na nusu, kila Ijumaa, akifika katikati mkono wake ulitua sakafuni.

"Ah, uzee huu, Mwalimu."

"Pole pole, Mama. Haba na haba."

Asubuhi moja Chuma alikuwa nje akianika mataulo. Herini ya mama ikaanguka na kubingirika chini ya benchi. Nilimwona akiketi sakafuni, akaipata, kisha akainuka mikono yote miwili ikiwa sikioni anaivaa. Hakuyumba hata kidogo.

Nilifurahi kweli. Nilimfuata Chuma kwenye kamba ya mataulo.

"Kaka, mwanafunzi wako anatuigizia. Ameiva zamani yule." Nikacheka.

"Kumbe," akasema, na akaendelea kuanika.

Ijumaa ikafika. "Mama, leo jaribu bila mkono," alisema Chuma. "Najua unaweza." Mama alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akainuka. Chuma akampa mkono. Mama akashukuru, akakunja taulo lake pembe kwa pembe, akaenda zake.

Miezi miwili Chuma hakuigawa saa ile kwa mtu. Alifika kama kawaida, akaketi kwenye benchi hadi saa moja na nusu. Mwishowe akanijia mezani.

"Dada, hebu mpigie yule mama, umuulize kama anaendelea. Usiseme nimekutuma."

Nikapiga.

"Naendelea, mwanangu," alisema mama. "Nimepata mwalimu mwingine, kijana mpole. Nimemwambia mimi hata kuketi siwezi, viungo vyote vibovu. Safari hii nitachukua miaka."

"Mama, si ungemwambia tu Kaka Chuma kwamba hutaki kuondoka?"

"Mtu akishakuambia umemaliza, unabakije?" Kisha akaniuliza, "Goti lake linaendeleaje?"

Sikujua. Nimefanya kazi naye miaka tisa na sijawahi kuuliza. Nilimwambia linaendelea vizuri.

Nilimweleza Chuma neno kwa neno, sikumficha kitu. Nilidhani atashangaa kwamba mama alikuwa akiigiza ili abaki.

"Nilijua," akasema. "Tangu mwezi wake wa tatu hapa. Ukuta mzima ni kioo, Dada, nikimpa mgongo nilikuwa namwona akiinuka bila kushika kitu. Akishusha mkono, nami naangalia pembeni."

"Sasa mbona ulimwachisha?"

"Tulikuwa tunajua wawili. Ulipokuja kunicheka nikaona aibu."

Nilimsihi ampigie yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo. Alikataa, alisema si vizuri kumnyang'anya mwalimu mwenzake mwanafunzi. Nikamwomba radhi, na radhi yangu haikuwa na mahali pa kukaa.

"Ungenyamaza tu, Dada," akasema, bila hasira, akaenda kumfungulia mlango mwenye kitambi.