Barua ya Jumuiya

Jumatano, katika ofisi ya parokia moja hapa Nakuru, mwanamke aliyenitangulia kwenye foleni aliomba padre amzikie mamake Jumamosi.

"Barua ya community iko wapi?" karani akauliza. Alimaanisha jumuiya ya waumini wanaosali nyumba kwa nyumba kila wiki.

"Chairlady amekataa kusaini. Anasema hamjui mathe."

"Sasa mimi nitafanya nini, mama? Bila barua hakuna Misa."

"Mathe amelala kitandani miaka mitatu, madam. Angeendaje?" Akainua vidole. "Jumatatu alikuwa anageuzwa na mama mboga, Msabato. Jumanne ni jirani Muislamu. Alhamisi ni caretaker wa ploti, na huyo hata kanisa hana. Unataka community gani ingine?"

Karani akamtazama, kisha akachukua simu. "Chair, kuja usaini. Ndiyo, leo."

Sisi wa magazeti huandika "community" tunapoogopa kuandika kabila, kwa hivyo sina haki ya kumcheka karani. Jumamosi nilipita mazishini. Chairlady aliongoza nyimbo vizuri sana. Waliobeba jeneza hawakujua hata wimbo mmoja.