Bakuli Lililovaa Sweta

Hilda, mpishi wa misheni moja ya Mbinga, alipewa bakuli zito la udongo, lenye madoa ya buluu, na sista aliyekuwa akirudi kwao Polandi.

"Usilitoe kwenye baridi ukalitia kwenye joto ghafla," sista alimwonya. "Litapasuka."

Basi siku Hilda aliposhuka kutoka baridi ya Mbinga kwenda kwa dada yake Mbamba Bay, kwenye joto la ziwa, alilivalisha bakuli sweta, akalibeba mgongoni kwa kanga. Akapita dukani kwa Bi Mwanahamisi kununua chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto mtulivu huyo! Halii?"

Hilda, mpenda utani, akajibu, "Halii mpaka nimgonge."

"Umgonge? Malaika wa Mungu?"

"Ndiyo, mama. Asipolia vizuri, ujue ana ufa."

Bi Mwanahamisi akashika kichwa, tayari kuita majirani. Haraka Hilda akafungua kanga, akaligonga bakuli kwa ukucha. Likalia ngiii!

Bi Mwanahamisi alicheka mpaka akakalia gunia la mchele. Kisha akaanza kugonga vikombe vyake vya kuuza, kimoja kimoja, wateja wakisubiri. Kilichojibu "bwe" alikiondoa, akikilaani.